Fundi anataka kunijazia gesi kwenye kifriji changu

Shikamoo fundi.

Nakuandikia kutoka Uyole, karibu na njia panda ya Tukuyu. Kazi yangu ni mtindi. Jioni nachemsha maziwa na kuyagandisha, asubuhi natia kwenye vikombe nauza kwa abiria na wanafunzi. Mwezi wa sita nilinunua kifriji kidogo cha mtumba pale Mwanjelwa, kile cha lita 20 ambacho mtu mmoja anakibeba kwapani kama kuku. Kina waya mbili, moja ya kuchomeka ukutani na nyingine ya kwenye gari.

Kilianza vizuri mno. Mwezi wa saba maji yalikuwa yanauma meno, na vikombe vilivyogusa ukuta wa nyuma vilikuwa na chembe za barafu. Baba mkwe wangu ana kisukari, anachoma insulini, naye akaniomba nimtunzie chupa zake humo kwa kuwa kwake hakuna umeme. Nikakubali kwa furaha.

Mwezi wa tisa kikaanza kulegea. Mtindi wa asubuhi ukifika saa tisa alasiri umeshachachuka, wateja wananirudishia vikombe. Sasa tupo mwezi wa kumi na kimekufa. Ila hakijazima: taa ya mbele inawaka, ukitega sikio unasikia kinanguruma kidogo kwa ndani. Nikikichomoa usiku kucha na kukiwasha asubuhi, kama dakika kumi hivi kinaanza kupoa, mpaka najipa moyo. Baada ya nusu saa ndani pana uvuguvugu kama paji la mtoto mwenye homa. Nyuma ndiyo usiseme, juzi niligusa nikautoa mkono haraka.

Jambo jingine, sijui kama lina maana: zamani kilikuwa na sauti kama ya nyuki, baba watoto alikuwa analalamika usiku. Kama mwezi mmoja uliopita sauti ile ikakoma. Nilimshukuru Mungu kwa hilo.

Nimekiweka jikoni kwenye kona, kimeegemea ukuta ili kisichukue nafasi, na juu nimekitandikia kitambaa cha kudarizi, kile kirefu kinachoning'inia nyuma na pembeni, maana vumbi la kiangazi la huku kwetu unalijua.

Nimemwita fundi friji. Alikigongagonga, akasema gesi imeisha, nimpe elfu sitini aje na mtungi. Baba watoto anasema tukitupe. Kijana wangu wa kidato cha tatu anasema mashine hii haina gesi kabisa. Nani mkweli? Na zile chupa za mzee nifanyeje?

Mama Mtindi, Uyole

* * *

Marahaba, Mama Mtindi.

Mkweli ni kijana wako, mpe kikombe kimoja cha bure. Elfu sitini kaa nayo. Lakini kabla hujaendelea kusoma, nenda ukichomoe hicho kifriji. Sababu nitaisema mbele; kwa sasa jua tu kwamba kila saa kinayokaa kimewashwa katika hali hiyo, kinajichoma chenyewe.

Tuanze na chupa za mzee, maana mtindi ukiharibika umepata hasara ya siku moja tu. Insulini ambayo haijafunguliwa inatakiwa kukaa kati ya nyuzi 2 na 8 za Selsiasi. Zilizo nzima zipelekwe leo kwa jirani mwenye friji kubwa, au mwombe kituo mnakochukulia dawa wawatunzie. Zikae rafu ya kati, mbali na friza. Ile chupa anayoitumia sasa haina haraka hiyo: ikishaanza kutumika, kwa kawaida inaruhusiwa kukaa nje ya friji kama wiki 4, mradi chumba kisizidi nyuzi 25 kwa aina nyingine, 30 kwa nyingine. Karatasi iliyokunjwa ndani ya boksi lake inasema ni ipi. Chumba cha kulala cha Uyole, mbali na jiko na mbali na dirisha la jua, kinatosha kwa kazi hiyo.

Zile ambazo zimekaa kwenye uvuguvugu majuma yote haya, usizikadirie kwa macho. Insulini iliyoharibiwa na joto inaweza kuwa safi kama maji ya chemchemi. Zipeleke kwa mfamasia, mweleze zilikaa wapi na muda gani, aamue yeye. Na umwambie pia lile neno ulilolipitisha haraka kwenye barua yako, ambalo mimi limenishtua kuliko mengine: chembe za barafu za mwezi wa saba. Insulini iliyoganda haifai tena, hata ikishayeyuka. Vifriji vingi vya aina hii havina kidhibiti cha joto. Vinapoza tu, havijui pa kuishia. Usiku wa Julai huku juu, jikoni pakiwa nyuzi 14 au 15, ukuta wa ndani wa nyuma unafika kwenye barafu bila shida. Kwa hiyo hata tukikifufua, humo weka mtindi. Dawa za mzee zitafutiwe friji ya kweli.

Sasa mashine yenyewe.

Friji la gesi lina kompresa, lile dude jeusi mfano wa dafu lililokaa chini kwa nyuma, na mabomba membamba yanayozunguka. Hilo ndilo linaloifanya friji iwe nzito hadi ibebwe na watu wawili. Wewe cha kwako unakibeba kwapani. Kigeuze usome karatasi iliyobandikwa nyuma: utakuta maandishi ya DC 12V, na ampea nne au tano hivi. Hakuna gesi, haijawahi kuwepo, wala hakuna tundu la kuitilia. Simwiti fundi wako tapeli. Amekaa na mafriji makubwa miaka na miaka, na kwake kila kisichopoza kimeishiwa gesi. Angekuja na mtungi wake, angezunguka nyuma na mbele akitafuta pa kuchomeka, na hapo sijui mngeagana vipi.

Kinachopoza ni kigae cheupe cha mraba, sentimita 4 kwa 4, unene kama sarafu mbili zilizopandana, kilichobanwa ndani ya ukuta wa nyuma. Katikati ya kigae hicho vimepangwa vijiti vidogo mno, mara nyingi 254, yaani jozi 127, vimesimama kama tofali kwenye tanuri. Umeme wa betri ukipita humo, uso mmoja wa kigae unapoa na wa pili unachemka. Ukigeuza waya, nyekundu pa nyeusi na nyeusi pa nyekundu, nyuso zinabadilishana kazi. Aliyeliona jambo hili ni Mfaransa Jean Peltier, mwaka 1834, mtu aliyeanza maisha kama fundi saa. Miaka minne baadaye mwanafizikia Heinrich Lenz aliweka tone la maji kwenye maungio ya metali mbili, bismathi na antimoni, akapitisha umeme, tone likaganda. Akageuza umeme, likayeyuka. Kifriji chako ni tone lile lile, limejengewa boksi.

Jambo la kulishika ni hili: kigae kinahamisha joto. Kinalichota ndani kwenye vikombe vyako na kulimwaga nyuma, kwenye bati la alumini lenye mapezi. Na si hilo tu, umeme kinaoutumia nao unageuka joto, unamwagwa huko huko. Chukulia kinachota wati 20 kutoka ndani na chenyewe kinakula wati 50. Nyuma lazima zitoke wati 70, tena zitoke kweli, hewani. Unajua mvua ya Machi inavyofanya mtaro ukiziba: maji uliyoyafagia nje yanarudi yenyewe sebuleni, na kadiri unavyofagia ndivyo unavyochoka. Kigae nacho kikinyimwa pa kumwaga joto, joto linarudi ndani kwenye mtindi. Kwa hiyo mtu akiniambia kifriji hakipozi mbele, mimi naenda nyuma.

Na barua yako, mama, yote iko nyuma. Kifriji cha namna hiyo huwa na feni mbili. Ndogo iko ndani, inasukuma baridi izunguke. Kubwa iko nyuma, inapuliza yale mapezi. Ile sauti ya nyuki uliyomshukuru Mungu ilipokoma ilikuwa ya feni kubwa. Ngurumo unayoisikia sasa kwa ndani ni ya ile ndogo, imebaki peke yake, inazungusha hewa ambayo haina anayeipoza. Dakika kumi za matumaini kila asubuhi zinaeleweka vizuri: bati la nyuma limelala usiku kucha limepoa, kwa hiyo lina nafasi ya kupokea joto la kwanza. Likishajaa, mwisho. Kigae kilichokufa kisingekupa hata hizo dakika kumi. Ndiyo maana nadhani chako bado kizima, na ndiyo maana nimekwambia uchomoe, kwa sababu vile vijiti vimeungwa kwa risasi laini, na bati lisilopulizwa likizidi kuchemka maungio yanaachia. Hapo utanunua feni na kigae pamoja.

Kabla hujanunua chochote, ondoa kile kitambaa. Najua ni kizuri. Lakini kinachoning'inia nyuma kimeziba pale pale joto linapotokea. Kisha kivute kifriji kitoke ukutani, angalau kiganja kizima na vidole vyake vikiwa vimenyooka, nyuma na pembeni. Kama unaweza, kitoe jikoni kabisa. Jikoni pana vitu viwili feni isivyovipenda, joto la jiko na mvuke wa mafuta. Vumbi la kiangazi likichanganyika na mvuke wa mafuta halipeperuki. Linakuwa ukoko kama wa sufuria ya ugali, linashika katikati ya mapezi mpaka hewa haipiti.

Kipime hivi. Kichomeke kwa dakika moja tu, chana ukanda wa karatasi ya chooni mrefu kama kidole, uusogeze kwenye matundu ya nyuma. Feni ikiwa hai, karatasi itavutwa ing'ang'anie au isukumwe ipepee. Ikining'inia imetulia, feni imekufa au imekwama. Chomoa. Subiri bati lipoe. Fungua skrubu za kifuniko cha nyuma kwa bisibisi ya nyota, na usukume pangaboi la feni kwa ncha ya kidole. Likizunguka laini mizunguko kadhaa, feni yenyewe huenda ni nzima na shida iko kwenye waya. Likigoma, au likizunguka kwa kukwaruza, umempata mgonjwa.

Usishangae ukikuta mende. Nyuma ya kifriji kuna joto na giza, wao wanapaona hoteli. Mwaka fulani niliwahi kufungua kimoja kilichotoka Makambako, mwenyewe ameshalipia matengenezo mara mbili, nikakuta bawa la mende limekaa kati ya pangaboi na fremu. Nililitoa kwa koleo ya nyusi za mke wangu. Kikapoza.

Safisha mapezi kwa brashi kavu ya rangi, ile ya inchi moja, ukifuata mistari yake, na vumbi ulipulize kwa pampu ya baiskeli. Maji usitumie. Kama feni inakwaruza tu, bandua kwa utaratibu ile stika ya duara katikati yake, tia tone moja la mafuta ya cherehani, moja tu, izungushe kwa kidole, urudishe stika. Hiyo itakupa wiki kadhaa, pengine miezi. Ukitaka kulala usingizi, badilisha. Ni feni ya volti 12 ya kawaida, kama ile inayokaa ndani ya kompyuta za mezani. Mafundi kompyuta wa Mwanjelwa wanazo za kutoa kwenye mashine mbovu, na bei yake haifiki hata robo ya ile gesi. Nenda na feni ya zamani mkononi mwako walinganishe upana, mara nyingi sentimita 8 au 9 kila upande. Waache waunge wenyewe, nyekundu kwa nyekundu, nyeusi kwa nyeusi, wafunge vizuri kwa teipu. Waambie waangalie mshale mdogo uliochongwa ubavuni mwa feni, ndio unaoonyesha hewa inakoelekea, na mpya ielekee ilikoelekea ya zamani. Nimeona feni mpya kabisa zimefungwa kinyume, mwenye mali anarudi kulalamika kwamba ameuziwa mbovu.

Kuna kisanduku kimoja humo ndani usikiguse wewe wala kijana wako: kile ambapo waya wa ukutani unaingilia. Kinapokea volti 230 na kuzishusha hadi 12, na kina kapasita zinazobaki na umeme hata baada ya kuchomoa. Hicho ni cha fundi redio.

Kwa dalili zako nina uhakika mkubwa ni feni. Lakini nimewahi kuaibika, kwa hiyo nakuachia njia nyingine endapo feni utakuta inazunguka vizuri.

Kiache kifriji kifanye kazi robo saa, kisha gusa kwa mkono nyuma na ndani. Ikiwa mapezi ya nyuma yana uvuguvugu kidogo tu na ndani hapapoi, na feni inapuliza, basi joto halifiki kwenye mapezi: kati ya kigae na bati kuna pesti nyeupe ya kupitisha joto, na ikizeeka inakauka kama chokaa. Fundi kompyuta anayo mpya, ndiyo ile anayopaka juu ya prosesa. Ikiwa nyuma pameanza kupoa na ndani ndimo mnamochemka, tazama swichi. Vifriji hivi vingi vina swichi ya baridi na moto, ya kuwekea chakula kisipoe, nayo inafanya ule ule ujanja wa Lenz wa kugeuza umeme. Mtoto akiichezea, unapika mtindi badala ya kuupoza. Ikiwa feni zinazunguka lakini nyuma na ndani kote ni sawasawa na chumba, kigae hakipati umeme au kimekufa. Na ikiwa taa inafifia na feni inaanza inakoma, inaanza inakoma, lawama ni ya kile kisanduku cha umeme.

Hapo ndipo ule waya wa gari unapokuwa na faida. Mwombe jirani mwenye gari, chomeka kwake kwa nusu saa. Kikipoza kwenye gari na kisipoze ukutani, kigae na feni ni vizima, kasoro ni umeme wa nyumbani unavyoshushwa. Usikiache humo gari likiwa limezimwa usiku kucha. Kinavuta ampea nne tano muda wote, na asubuhi jirani atakuwa anasukuma gari huku anakutaja jina. Ncha ya ule waya ukiifungua ina fyuzi ndogo ya kioo. Dereva mmoja wa lori wa njia ya Tunduma alinieleza kwamba ya kwake ilipoungua aliifunga karatasi ya fedha ya sigara ili umeme upite. Umeme ulipita kweli, mpaka plagi ikayeyuka. Fyuzi nunua fyuzi.

Jambo jingine kuhusu umeme: kuna watu wanaokota adapta ya king'amuzi au ya ruta kwa sababu imeandikwa 12V na ncha inaingia. Soma na ampea. Ya ruta inatoa moja au moja na nusu. Kifriji kinataka karibu mara tatu ya hiyo au zaidi. Feni itazunguka, taa itawaka, adapta itachemka, na mtindi utachachuka kama kawaida.

Ikithibitika kigae kimekufa, kinapatikana. Juu yake huwa pameandikwa namba, ya kawaida zaidi ni TEC1-12706: 127 ni jozi za vijiti, 06 ni ampea 6 ambazo kinaweza kuzibeba. Fundi mzuri ana namna ya kukipima bila hata kukipa umeme. Anaweka mita kwenye milivolti, anagusisha ncha kwenye waya mbili za kigae, kisha anakilaza kiganja chake uso mmoja. Kigae kizima kitaonyesha namba zikipanda, kwa sababu tofauti ya joto kati ya nyuso mbili nayo inazaa umeme. Hilo mwanafizikia Thomas Seebeck alikuwa ameliona mwaka 1821, kabla hata ya Peltier. Namba zikikaa sifuri, kimekatika ndani. Fundi asiyejua hilo anakichomeka moja kwa moja kwenye betri ya gari akiwa amekishika mkononi, kinaungua katika muda wa kusema jina lake. Kigae hakiwashwi hata sekunde chache bila bati mgongoni. Wakati wa kufunga kipya, pesti ipakwe nyembamba kama siagi ya maskini, na skrubu zikazwe kwa zamu, kidogo huku kidogo kule, maana kikibanwa upande mmoja kinapasuka kama kigae chochote.

Tuje kwenye mtindi, kwa sababu hata kikipona utanilaumu nisipokwambia. Kifriji hiki hakina nguvu ya kuleta nyuzi unazozitaka wewe. Kinashusha nyuzi 15, labda 20, kutoka kwenye joto la chumba kilichopo. Mwezi wa saba jikoni kwako palikuwa pabaridi, ukapata barafu. Oktoba na Novemba ndiyo miezi ya joto Mbeya, mchana jikoni karibu na jiko panafika nyuzi 28 au 30, kwa hiyo hata kizima kabisa kingekupa 8 hadi 15. Ndugu yako wa Kyela akikinunua hicho hicho, huko chini ziwani, ataapa kwamba ni kibovu toka dukani. Kwa hiyo kile kilegelege cha mwezi wa tisa ulichokiona, sehemu yake ilikuwa ni majira tu.

Tena nina wasiwasi unaingiza mtindi ukiwa bado na joto la kugandia. Fanya hesabu na mimi. Kushusha lita moja ya maziwa kutoka nyuzi 40 hadi 10 kunahitaji kilojuli 125 hivi. Kifriji kinachota wati 20, yaani kilojuli 72 kwa saa. Lita moja ni saa moja na dakika 45, na hapo sijahesabu joto linaloingia kila mtoto anapofungua mlango. Lita sita ni zaidi ya saa kumi. Unakibebesha mzigo wa punda. Una friji kubwa la bure ambalo watu wa Dar hawana: usiku wa Uyole. Mtindi ukishashika, panga vikombe vilivyofunikwa kwenye beseni la maji, beseni liweke nje mahali salama pasipofikiwa na paka, alfajiri uvitoe vimeshapoa kwa sehemu kubwa ndipo uvitie kwenye kifriji. Kazi yake ibaki kuvilinda tu.

Na uangalie luku. Wati 60 mchana na usiku ni karibu yuniti moja na nusu kwa siku, zaidi ya 40 kwa mwezi, na friji dogo la kompresa la lita 90 mara nyingi linakula chini ya hapo kwa sababu linazima lenyewe likishapoa. Biashara ikikua, baba watoto akikuuliza tena habari ya kukitupa, mwambie bado, lakini muanze kuweka akiba ya lile kubwa. Hiki kitahamia kwenye gari la mtu.

Ukifika kwa fundi kompyuta, mwambie maneno matatu tu, "feni ya nyuma", usimtajie gesi. Na kile kitambaa cha kudarizi kitandike kwenye meza.